Nahodha Ajibu: Ubao, Kamba na Mkono wa Dereva

Mwezi huu barua karibu zote zimeangukia jambo moja: ule ubao wa kuteleza majini ukivutwa na boti, yaani weikibodi, pamoja na ndugu yake mdogo weikiskeiti, ambaye mguu haufungwi. Najua chanzo. Msimu wa kaskazi uliopita walikuja wageni Raskazone, wakawa wanavutana jioni kuelekea Kisiwa cha Toten, na nusu ya Tanga ikahamia ufukweni kutazama. Nusu nyingine ilitazama kwenye simu. Nimechagua barua ninazoweza kuzijibu kwa kazi niliyoifanya kwa mikono yangu, maana kuendesha boti za kuvuta watu ndiko kulikonilisha kabla magoti hayajagoma.

*Shikamoo nahodha. Nasaidia kwenye boti ya mjomba, ya faiba, mashine farasi 40. Mgeni mmoja alituachia ubao. Kwenye video watu wanaruka juu kuliko dereva, lakini sisi mtu hatoki hata majini, anakunywa chumvi tu, na akitoka wimbi la nyuma ni dogo halimrushi. Tatizo ni mashine ndogo? — Kijana wa Sahare*

Marahaba mwanangu. Mashine iache kwanza. Farasi 40 kwenye boti nyepesi, ndani watu wawili tu, inamtoa mtu majini vizuri. Mnaponiambia mnakunywa chumvi nakisia mambo mawili: dereva anafungua mafuta yote kwa pupa, na anayevutwa anataka kusimama kabla ya wakati.

Anayeanza akae majini amejikunja, magoti karibu na kifua, ubao umelala mbele yake kwa upana, mikono imenyooka. Asivute kamba. Kamba ndiyo imvute yeye. Dereva atembeze boti taratibu mpaka kamba ikaze, ndipo aongeze mafuta kwa mkono laini. Ubao utapanda wenyewe juu ya maji, na mtu abaki amechuchumaa mpaka auhisi umeshika. Hapo ndipo anyanyuke, mguu mmoja utangulie, ubao ugeukie mbele. Mtu mwenye haraka ya kunyanyuka anausimamisha ubao kama mlango mbele ya maji, na hakuna mashine itakayouvuta mlango huo bila kumng'oa mabega.

Mwendo: anayeanza mpe kilomita 25 hadi 30 kwa saa. Wazoefu wanapenda 35 na kidogo juu yake. Zaidi ya hapo ni sifa za dereva tu, na maji kwa mwendo huo ni magumu. Muulize aliyewahi kuyaangukia kwa shavu.

Kamba: mita 15 zinamtosha anayeanza. Mabingwa wanafika 20 hadi 25. Usitumie kamba ya nanga ya nailoni, inavutika kisha inarudi kwa kishindo, na mpini ukiachiwa unakuja kumtafuta dereva kisogoni. Tena kwa boti yenye mashine ya nje, usifunge kamba upande mmoja wa tezi, yaani nyuma ya boti. Funga kamba ya pembe mbili kwenye pete za kulia na kushoto, ipite nyuma ya mashine, na kamba ya kuvutia ishikie katikati. Mkifunga upande mmoja, boti itavutika kwenda upande na mjomba atadhani usukani umeharibika.

Sasa hilo wimbi. Boti unazoziona kwenye video zimejengwa kwa kazi hiyo hiyo moja. Mashine iko ndani, kamba imefungwa juu kwenye mnara ili imnyanyue anayeruka, na chini wanapakia farumi, mifuko mikubwa ya maji yenye uzito wa mamia ya kilo, ili tezi izame na wimbi linenepe. Msije mkaiga hiyo kwa boti ya mjomba kwa kujaza madumu ya lita 20 nyuma. Dumu moja ni kilo 20, mashine nayo tayari iko huko huko nyuma, na wimbi moja la kuvukia tezi linatosha kumaliza mchezo na boti. Fupisheni kamba. Karibu na boti wimbi huwa limesimama zaidi, na kwa mtu wa miezi yenu ya mwanzo linatosha kabisa.

Uangalie na ubao wenyewe. Kama ncha moja ni nyembamba na nyingine pana, mmeachiwa ubao wa zamani. Mchezo huu ulianza kwa mbao za namna hiyo. Mwaka 1985 Tony Finn, mtelezaji mawimbi wa San Diego, Marekani, alitengeneza Skurfer, ubao wenye sura ya ule wa mawimbi ya bahari. Ulielea mno, kuuzamisha ili uanzie majini kulikuwa kazi, na wengi walishindwa hapo hapo mliposhindwa ninyi. Mwaka 1990 Herb O'Brien akatoa Hyperlite, mwembamba, usiong'ang'ania kuelea, na watu wa kawaida wakaanza kusimama. Mwaka 1993 Jimmy Redmon akatoa ubao wenye ncha mbili zinazofanana, unaokwenda mguu wowote ukitangulia, na siku hizi ndio wanaotumia karibu wote. Kama wenu ni wa zamani, utumieni, ila msijilaumu ukiwasumbua.

Na mwisho, nani dereva wenu? Makofi anapigiwa anayeteleza, lakini mchezo huu unaendeshwa na mtu mwenye usukani. Mwendo usipande wala kushuka, njia inyooke. Mtu akianguka, usigeuze boti kwa kasi kama gari la polisi. Unajitengenezea mawimbi yatakayomsubiri mwenzako akisimama tena. Punguza, geuka, rudi polepole, umweke upande wako wa kiti ili umwone. Ukimfikia ili apande, zima mashine. Zima, usiiache inanguruma eti gia haijaingia. Propela haijui urafiki.

*Assalaam aleikum kaka nahodha. Binti yangu ana miaka 16, anaogelea vizuri, na binamu zake waliotoka nje wanataka kumfundisha huo ubao wa kuvutwa. Baba yake kaniachia niamue. Nahofia usalama, nahofia pia mavazi. — Mama, Chumbageni*

Waaleikum salaam mama. Mavazi ndiyo rahisi, nianze nayo. Wachezaji wengine huvaa suti ya mpira inayofunika mpaka vifundo vya mikono na miguu, na hilo la kufunika kichwa linamalizwa na ile hijabu ya kuogelea inayobana. Kinachokatazwa ni nguo pana inayoelea, mtandio wenye ncha, mkufu, pete na bangili. Si kwa adabu, ni kwa kamba: chochote cha kunasa, kamba hukinasa.

Usalama, uliza maswali matatu kabla hujasema ndiyo, na uwaulize mbele ya binti. La kwanza, ana jaketi la kuokolea linalombana barabara? Mwinue kwa mabega ya jaketi. Likimpanda mpaka masikioni, si lake. Kujua kuogelea hakutoshi, anayeanguka vibaya hupigwa bumbuwazi. La pili, ndani ya boti yuko nani zaidi ya dereva? Lazima awepo mtu mwingine asiye na kazi ila kumtazama binti yako. Dereva anatazama mbele, wa pili anatazama nyuma. Wakikujibu kwamba dereva atatumia kioo, mshukuru kila mmoja na urudi na binti nyumbani. La tatu, wana ishara? Anayevutwa hasikiki. Dole gumba juu ni ongeza mwendo, dole chini ni punguza, kupiga kichwa kwa kiganja ni turudi, mkono kupita shingoni ni zima. Na akianguka akawa mzima, anyooshe mkono juu ili walio botini wajue. Mkono usipoonekana, dereva haulizi, anarudi.

Majeraha yapo, nisikudanganye. Ngoma ya sikio hupasuka kwa kuanguka na upande wa kichwa, magoti hujipinda kwa sababu miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, mabega huteguka. Mengi huwapata wanaorukaruka, si anayejifunza kusimama. Mwezi wake wa kwanza atalalamikia mikono na mgongo, nawe utamkanda.

Kuhusu kwamba ni mchezo wa wavulana, hukuuliza lakini nimelisoma katikati ya mistari. Dallas Friday wa Marekani alikuwa bado binti alipoanza kuchukua medali za dhahabu za weikibodi kwenye X Games, mashindano makubwa ya michezo ya hatari. Mwache ajaribu. Nenda naye, ukae botini uwe wewe mwenye kutazama nyuma. Hakuna wa kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mama.

*Nahodha, sisi ni vijana wa skeitibodi, Ngamiani. Boti hatuna, mjomba mwenye boti hatuna. Tunasikia weikiskeiti inaweza kuvutwa na mashine iliyokaa nchi kavu. Kweli? — Watano wa Barabara ya 12*

Kweli, na barua yenu ndiyo niliyoifurahia kuliko zote.

Weikiskeiti ni ubao wa urefu wa mita moja na sentimita chache, mfupi kuliko weikibodi, na juu yake hakuna kiatu cha kufungia. Unausimamia kwa viatu vyako vya kawaida, au miguu mitupu kama umebandikwa sponji laini badala ya msasa. Kinachoushikilia mguuni ni uzito wako na ujanja wako. Ukiruka, ubao unaweza kubaki nyuma, kugeuka hewani, kukukimbia. Kwa hiyo miruko yake si mirefu kama ya weikibodi, lakini mtu wa skeitibodi anajua ugumu wa kuuzungusha ubao chini ya nyayo na kuudaka. Ninyi mnao msingi ambao yule wa Sahare hana. Watu kama Thomas Horrell ndio walioutoa kwenye utani ukawa mchezo wenye heshima yake, na vijana waliokuwa wamechoshwa na gharama za boti wakaupenda upesi. Tena ukianguka, mguu unaachana na ubao wenyewe, na magoti yanakushukuru.

Mashine ya nchi kavu ni winchi. Injini ndogo ya petroli, ya aina inayofungwa kwenye pampu ya maji au jenereta, inazungusha gurudumu la kukusanyia kamba. Mmoja anasimama mbali na mpini, mwenzake anabana mafuta, kamba inakusanyika, mtu anateleza mpaka karibu na winchi, anaachia. Kisha kamba inatembezwa kurudishwa mwanzo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo video hazionyeshi. Ila inawapa muda wa kubishana nani zamu yake. Maji ya kina kidogo yanatosha, kwa sababu weikiskeiti haina mapezi makubwa na hakuna propela. Brian Grubb, bingwa wa mchezo huu, pamoja na Dominik Preisner waliwahi kwenda Ufilipino wakateleza kwa winchi kwenye matuta ya mpunga ya Banaue, kwenye maji ya kufika kwenye ugoko, wakiruka kutoka tuta moja kwenda la chini yake. Sisemi mkaombe mashamba ya mpunga ya watu.

Fundi wa kuchomelea anaweza kuwatengenezea winchi, lakini mambo haya msiyafanyie bei. Gurudumu lifunikwe kwa bati, vidole visifike. Swichi ya kuzima iwe chini ya mkono wa mwendeshaji muda wote. Akiiachia, injini ife. Kisu kiwe karibu na kamba. Na mwendeshaji amwone anayevutwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kusiwe na kona wala mtumbwi katikati.

Ubao nao si lazima utoke ng'ambo. Nyingi za zamani zilikuwa za mbao za tabaka zilizogandishwa na kukunjwa ncha. Mafundi wetu wa majahazi wanajua kukunja mbao tangu babu zao. Nunueni plaiwudi ya majini, si ile ya dari, ipakwe rezini kila upande na hasa kwenye kingo, maana maji huanzia ukingoni kuifungua.

Mahali ndipo penye neno. Msiende mto Pangani: una mamba, na mamba hasomi magazeti. Mabwawa ya maji baridi yaliyotulia yana konokono wa kichocho. Dakika chache za kuanguka na kusimama zinatosha kuwaambukiza. Nendeni baharini. Pwani yetu maji yakipwa siku za bamvua huacha madimbwi marefu yaliyotulia na mchanga chini. Yatembeeni kwanza kwa miguu, mkiwa na viatu, mtoe mawe na vigingi, ndipo mvutane. Na angalieni saa, maana bamvua linavyotoka kwa kasi ndivyo linavyorudi, na winchi haiogelei.

Kuna na njia ya tatu, ya waya. Mjerumani Bruno Rixen alibuni mitambo ya minara yenye waya unaozunguka juu ya bwawa na kuvuta watu wengi kwa pamoja, kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, hakuna boti wala moshi. Huko Ulaya vijana wengi wamejifunzia hapo kwa kulipa kwa saa, na ndiko mchezo ulikojipatia watu wasio na matajiri ukoo mzima. Tanga hatuna. Tengenezeni winchi.

*Wewe nahodha unawasifu hao wa ubao. Juzi wamepita juu ya jarife langu, wavu wangu mkubwa, asubuhi, chelezo mbili za kuuelezea zimekatwa. Bahari ni shamba letu. — Mvuvi, Deep Sea*

Uko sahihi, na sitafuti maneno ya kulainisha. Anayevuta mtu kwa starehe hana haki mbele ya mwenye nyavu majini. Nawaambia hapa hapa wanaonisoma: asubuhi mapema, ngalawa zikirudi dikoni, hamna ruhusa ya kuwa hapo. Mkiona chelezo, pandeni mbali nayo, kwa sababu kinachoonekana juu ni kidogo na jarife linakwenda mbali. Wimbi mnalolifurahia ninyi linamwagia maji aliyeketi kwenye mtumbwi akishika mshipi. Kabla ya kuanza kuvutana eneo lolote, nendeni kwa watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wa diko hilo, muwaulize nyavu zinatandwa wapi na saa ngapi. Hawali watu. Chelezo zilizokatwa zilipwe, na aliyekata anajulikana, boti za namna hiyo hapa mjini si nyingi.

Lakini nawe nikuulize, mwenzangu: mchana maji yamelala, ghuba iko tupu, vijana wakicheza upande wa Raskazone, umepungukiwa na nini? Wengine ni watoto wa wavuvi, na afadhali wajue kushika usukani kwa adabu.

*Tunapanga mashindano madogo siku ya Idi pili, baada ya resi za ngalawa. Majaji wahukumu vipi? Tukio lifanyike saa ngapi? — Kamati, Mwambani*

Saa kwanza. Tazameni mwezi. Idi el-Fitri huangukia mwezi mwandamo, kwa hiyo mtakuwa kwenye bamvua au mlangoni mwake, maji yanakwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Pangeni mashindano karibu na maji kujaa, msije mkamwangusha mtu kwenye mwamba. Maji yampite kichwa mtu mzima, chini ya hapo msimvute. Kama ni majira ya kusi, mchana ghuba inachafuka, basi afadhali ubao uanze na ngalawa zifuate, maana ngalawa wanautaka upepo na ninyi mnaukimbia. Na leseni ya boti na majaketi yawe sawa kabla TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, hawajawauliza.

Hukumu: kwenye mashindano ya wakubwa majaji hawahesabu pointi kwa kila mruko kama darasani. Wanatazama mambo matatu kwa ujumla: umeufanya kwa ukamilifu kiasi gani, kwa ukali na urefu gani, na umeipanga vipi miruko yako ili isifanane. Kila mmoja hupita mbele ya majaji kwenda na kurudi. Fanyeni hivyo hivyo kati ya maboya mawili, na wote wavutwe na boti moja, dereva mmoja, mwendo mmoja. Mkibadilisha dereva katikati, mmeharibu kila kitu, na ugomvi utakaozuka utaendelea hadi Idi nyingine. Muwe na tuzo ya watoto pia, wala msiwadharau: Parks Bonifay alikuwa na miaka 14 aliposhinda X Games mwaka 1996, mara ya kwanza mchezo huu kuwekwa humo, na mwaka 1999 akawa wa kwanza kuzunguka mara tatu kamili hewani akatua.

Kitu kimoja mtakachokiona siku hiyo: anayeanguka kwa kujaribu jambo kubwa hupigiwa kelele nyingi kuliko anayemaliza salama. Kwa wenye mchezo ndivyo ilivyo. Majaji wenu wasichanganyikiwe na kelele.

*Kwa nini hauko Olimpiki? — Msomaji, Muheza*

Ulikaribia. Mwaka 2011 weikibodi iliwekwa kwenye orodha ya michezo minane iliyokuwa ikiomba nafasi kwa Olimpiki ya 2020. Haikupita, nafasi ile mwaka 2013 ikaenda kwa mieleka.

*Tanga ni mji wa mkonge. Mbona tununue kamba ya dukani? Ya mkonge haifai? — Mkulima mstaafu, Pongwe*

Mzee wangu shikamoo. Moyo wangu uko upande wako, lakini haifai. Mkonge unakunywa maji, unakuwa mzito na unazama, na kamba ya kuvutia lazima ielee ili aliyeanguka aione na propela isiinase. Pia ukilowa unachubua viganja, na mtu akishika mpini kwa nusu saa hataweza kushika kijiko jioni. Chukua kamba ya plastiki inayoelea, rangi kali, na mpini wenye mpira. Ya mkonge mpe kijana wa Sahare afungie boti ya mjomba gatini.